Ipo Wazi, Haina Mtu

Mwalimu Kokuberwa alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchele, Jumanne asubuhi, pale jirani yake Tabu alipotokeza na simu mkononi, kanga imemkaa upande, bila hata salamu. Tabu bila salamu si Tabu. Huyu ni mtu ambaye hukuamkia wewe, akauamkia mguu wako unaouma, akawaamkia na kuku wako mmoja mmoja. Ukimwona anakuja kimya, ujue kuna jambo.

"Mwalimu, vaa miwani. Hebu niangalizie hapa, au macho yangu yananidanganya."

Kokuberwa akajifuta mikono, akavaa miwani. Lilikuwa tangazo la dalali. NYUMBA YA FAMILIA INAUZWA, KINONDONI. Ni ya kuungana, vyumba vitatu, sebule, jiko, uani kwa nyuma. Dakika tano kwa mguu hadi kituo cha mwendokasi. Soko, hospitali, kanisa na msikiti, vyote jirani. Hati safi. Ipo wazi, haina mtu.

Chini yake picha sita. Ya kwanza ilikuwa sebule, na kochi la marehemu baba yake lenye vitambaa alivyovifuma yeye kwa mkono wake. Ya pili jiko. Ya tano ilikuwa chumba chake cha kulala, kitanda chake, chandarua kimefungwa fundo juu.

"Haina mtu!" Tabu alimaka. "Sasa wewe unayekaa humu ni nani, jini? Na kile kikohozi ninachokisikia ukutani kila alfajiri, ni cha nani?"

Nyumba zenyewe ziko nane, zimeshikana ubavu kwa ubavu, na ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Zilijengwa zamani kwa ajili ya makarani wa shirika moja lililokwisha kufa. Baba yake, Mzee Cyprian, alishuka kutoka Bukoba na sanduku la bati, akapata ukarani, akapangishwa namba sita, na siku wapangaji walipouziwa nyumba zao akainunua. Kokuberwa alikulia humo. Aliolewa akatoka, ndoa ikamshinda akarudi, akafundisha shule ya msingi ya mtaani mpaka akastaafu. Humo ndimo alimomwuguza mama yake, na baada ya mama akamwuguza baba miaka minne, kumgeuza, kumwogesha, kumlisha uji kwa kijiko, hadi alipomzika mwaka jana.

Watoto wa Mzee Cyprian ni wawili tu, yeye na mdogo wake Didas. Kwenye kikao cha ukoo Didas aliteuliwa msimamizi wa mirathi, kwa kuwa mwanamume ndiye mwenye mbio za mahakamani, na mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Kokuberwa mwenyewe. Didas akasimama, akasema mbele ya watu kwamba dada yake atakaa nyumba ile mpaka Mungu atakapomchukua. Watu wakapiga makofi. Kumbe makofi yale yalikuwa ya kumsindikiza.

"Ni Didas," Tabu alisema. "Nani mwingine?"

Kokuberwa alikuwa ameinamia picha ya pili, ile ya jiko. Pembeni kabisa, kwenye ukingo wa picha, ulionekana mkono umeshika pazia na kulivuta ili mwanga uingie. Mkononi kulikuwa na saa ndogo ya kamba ya ngozi. Aliutazama mkono ule, kisha akautazama wake uliolala juu ya ungo. Saa ilikuwa ileile.

Alikumbuka nani aliyemwambia avute pazia. "Shangazi, livute kidogo tu, picha itoke vizuri. Hapohapo. Asante, Shangazi wangu."

Ilikuwa Kemilembe. Kemi, mtoto wa Didas, aliyefiwa na mama yake akiwa na miaka mitano, akaletwa namba sita na mfuko mmoja wa nguo na surua. Kokuberwa hakujaliwa mtoto, na tangu siku ile hakuwahi kulalamika kuwa hana. Alimsomesha, alimsuka, alimfundisha kupika ndizi zisivurugike. Kemi alikuwa na ufunguo wake wa nyumba tangu darasa la tano, na hata alipopanga chumba chake Msasani karibu na kazini, kila Ijumaa alikuwa akiingia bila kupiga hodi, anakwenda moja kwa moja kufunua sufuria.

"Picha alipiga Kemi," Kokuberwa alisema. "Lakini alikuwa akipiga za posa. Didas amezichukua kwenye simu ya mtoto. Mtoto hajui kitu."

Tabu alifungua mdomo, akaufunga. Kwa Tabu hiyo ni kazi kubwa.

Posa yenyewe ilikuwa Jumamosi, wiki tatu nyuma. Didas alikuja wiki moja kabla na habari kwamba Kemi amepata mchumba, kijana mmoja Benson, anafanya kazi Mtwara, na wazazi wake wanaleta barua. "Na barua italetwa hapahapa, Dada, kwenye nyumba ya babu yake. Kule kwangu Chamazi ni mbali, wakwe watachoka kabla ya kufika. Wewe ndiye shangazi, wewe ndiye mwenye shughuli."

Kokuberwa alifurahi mpaka akawa hashikiki. Siku nne alisugua sakafu. Alimwita fundi akapaka rangi sebule na korido. Alishona mapazia mapya. Alisafisha hata dari, kazi ambayo tangu baba yake aanze kuugua haikuwa imefanyika. Mtu akiandaa nyumba yake mwenyewe ili iuzwe, halafu anaimba huku anaiandaa, sijui umwite nani.

Wageni wakaja watatu. Mzee mmoja wa makamo aitwaye Lusungu, mkewe Tusajigwe, na mshenga wao, kijana mwenye ulimi laini kwa jina Suhaib. Bwana harusi hakuwepo, na hilo halikumshtua mtu, maana siku ya barua bwana harusi haingii ndani. Kokuberwa alipiga magoti kuwaamkia wakwe, kama alivyofundishwa na mama yake. Akawapa kahawa ya kutafuna ndani ya kikapu kidogo cha kwao Bukoba, ile ambayo mkishaitafuna pamoja mmekuwa ndugu. Tusajigwe aliipokea punje yake, akaiangalia kwa huruma fulani ya ajabu, akaitia mfukoni.

Baada ya chakula Suhaib akasema wakwe wangependa kuona alikokulia bibi harusi. Kokuberwa akawatembeza mwenyewe. Mzee Lusungu aligonga ukuta kwa kidole. Akauliza kama maji yanatoka kila siku, kama mvua kubwa huingia uani. Kokuberwa alimjibu yote, tena kwa fahari, akiwaza moyoni: wakwe hawa watu makini, mtoto wetu hatapata shida. Kemi alikuwa akiwafuata nyuma na simu, anapiga picha.

Kisha wakarudi sebuleni, na Kokuberwa, kwa nafasi yake ya shangazi, akamwita Kemi mbele ya wageni. Kemi akaja amejitanda kanga, akapiga magoti.

"Kemilembe, unawafahamu watu hawa?"

Ndilo swali lenyewe. Binti akisema hawafahamu, barua hurudi ilikotoka. Kemi aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka kwenye kanga.

"Nawafahamu, Shangazi."

Kokuberwa akapiga vigelegele peke yake, vikapenya ukutani hadi kwa Tabu.

Siku hiyohiyo Didas akasema wakwe wanaomba majibu ya maandishi, na mwandiko mzuri katika ukoo wao uko kwa nani kama si kwake? Basi akaandika. Ukurasa wa kwanza barua yenyewe. Saini aliziweka kwenye karatasi ya pili, peke yake, kwa sababu mwalimu yule hakupenda saini zibanane chini ya barua na kuichafua, jambo ambalo Didas alilijua tangu wakiwa wadogo. Akapiga mstari kwa rula, akaandika: Wanafamilia walioridhia. Kisha jina lake, saini yake, na pembeni, kwa herufi za kuviringa, cheo chake: Shangazi. Didas akasaini chini yake, akazikunja karatasi zote mbili, akaondoka nazo.

Tabu alishindwa kuvumilia. Palepale kibarazani alibonyeza namba ya dalali, akaweka sauti kubwa, akajifanya mnunuzi.

"Umechelewa, mama," sauti ilijibu, na Kokuberwa akaufahamu ule ulimi laini. Alikuwa Suhaib, yule mshenga. "Ile imeshapata mtu, tangazo ni la kabla ya kuafikiana bei. Kesho saa nne wanamalizana ofisi ya serikali ya mtaa. Ila ninayo nyingine Chamazi, karibu na uwanja wa mpira, hewa safi..."

Tabu akakata. "Twende kwa mwenyekiti sasa hivi."

"Kesho," Kokuberwa alisema. "Nataka niwakute wote." Na moyoni alikuwa akisema: nataka nione kama Kemi hatakuwepo.

Maskini, usiku kucha aliibeba imani ile. Nyumba ilikuwa inamtoka mikononi, na yeye kilichokuwa kikimkosesha raha ni kama mtoto alijua au hakujua. Alimtungia Kemi visingizio kumi na vyote akaviamini.

Saa nne na robo Jumatano, mwenyekiti wa mtaa, Bwana Faraji, alikuwa ndani ya ofisi yake ameshika kalamu. Mezani kulikuwa na mihuri miwili na karatasi zilizobanwa. Mbele yake walikaa Mzee Lusungu na mkewe, kisha Suhaib, kisha Didas katika suti yake ya kwenda mahakamani. Kwenye kiti cha mwisho, karibu na dirisha, alikaa Kemi.

"Kwa hiyo Mwalimu hali yake hairuhusu kabisa kufika?" Faraji alikuwa akiuliza.

"Hali si nzuri, mwenyekiti. Yuko kitandani," Didas alisema.

"Hodi!"

Kokuberwa aliingia amevaa gauni lake la kanisani, Tabu nyuma yake. Faraji alinyanyuka mpaka kiti kikaanguka. Alikuwa mwanafunzi wa mwalimu yule darasa la tatu, na viganja vyake havijasahau.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, Faraji. Endeleeni."

Kemi hakuinua uso. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, mkoba alionunuliwa na Kokuberwa siku ya kumaliza chuo. Visingizio vile kumi vilikufa vyote kwa pamoja. Kokuberwa alitaka kulia. Hakulia, maana pale palikuwa na watu waliokuja kumnunua akiwa hai.

Tusajigwe ndiye aliyesogea wa kwanza. Alimshika Kokuberwa mkono, akaanza kuzungumza taratibu, kwa sauti ya juu, neno moja moja. "Mama. Hu-jam-bo? U-me-ku-la? Kaa ha-pa, mama. U-si-o-go-pe."

Kokuberwa alimtazama. "Mbona unasema nami hivyo, mwenzangu? Mie si kiziwi."

Mama yule akababaika, akamgeukia Didas, kisha mumewe. "Tuliambiwa..." alisema, akasita. "Tuliambiwa mama tangu afiwe na mzazi wake kichwa kimemruka kidogo. Kwamba kila mgeni anamwona mkwe. Tukaambiwa siku ile tukubali tu maneno ya posa, tusimuumize. Mie nilikuhurumia, mama. Ile kahawa yako ninayo hadi leo."

"Yesu na Maria," alisema Kokuberwa. Kwa mara ya kwanza alimgeukia mdogo wake. "Didas. Umewaambia watu mimi mwehu?"

"Dada, siyo hivyo, usilikuze jambo," Didas alianza, mikono juu. "Ishu ni kwamba nyumba ile ni kubwa kwako peke yako. Mie nilishapanga. Kule Chamazi nakuwekea vyumba viwili, ukae karibu nasi tukuangalie. Na Kemi anapata fremu yake ya duka Msasani. Kila mtu anapata. Wewe ungekataa tu kwa ajili ya kuta."

"Na Benson?"

Suhaib alikuwa amegundua kitu cha kusoma kwenye simu yake.

Faraji alivuta karatasi karibu. "Hebu, hebu. Hapa nina barua ya warithi kuridhia mauzo. Ukurasa wa kwanza umechapwa. Wa pili umeandikwa kwa mkono, na mkono huu hata gizani ningeujua. Mwalimu, hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

Didas akashusha pumzi. Faraji akaendelea kusoma, kidole chake kikatua pembeni ya jina.

"Hapa pameandikwa Shangazi." Akainua macho. "Inauzwa nyumba ya baba yake. Kwa Mzee Cyprian huyu ni binti. Ushangazi umetoka wapi humu, Bwana Didas?"

Didas alilegeza tai. "Ndiyo hayo niliyokuwa nayasema, mwenyekiti. Akili yake haijatulia. Anaandika vitu visivyopo."

"Aa." Faraji akaiweka kalamu chini. "Basi kama akili haijatulia, saini yake haina kazi hapa, na barua hii niichane."

"Hapana, hapana! Ametulia! Namaanisha siku ile tu... Dada yangu ni mzima kabisa, mwulize mwenyewe. Sie ni damu moja. Dada, waambie basi. Tusiaibishane mbele za watu."

Mzee Lusungu alikohoa. "Mwenyekiti, mie nilitaka nyumba, sikutaka dhambi. Mama huyu aulizwe. Akisema hawa ni ndugu zake na wamekubaliana, tutaendelea. Asiposema, narudi nyumbani kwangu."

"Sawa." Faraji alimgeukia Kokuberwa. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya yule mtoto wa darasa la tatu. Aliwaonyesha Didas na Kemi kwa kiganja. "Mwalimu, nakuuliza mbele ya mashahidi. Unawafahamu watu hawa?"

Kemi ndipo alipoinua uso. Macho yalikuwa mekundu. Midomo yake ilicheza, ikaunda neno bila sauti, na Kokuberwa akalisoma, kama alivyokuwa akilisoma tangu mtoto ana miaka mitano. Shangazi.

Alimwona akiwa na surua, amelala kifuani pake. Akamwona amepiga magoti na kanga kichwani, machozi yakidondoka, na akaelewa yale machozi yalikuwa ya nini. Mtoto alilia kwa sababu alijua. Alijua, akalia, na bado akasema nawafahamu. Hilo ndilo lililomchoma. Didas alikuwa mwizi tu, na wezi wapo kila mtaa. Lakini huyu alimwibia huku akimlilia.

"Hapana," alisema Kokuberwa. "Siwafahamu."

"Dada!"

"Siwafahamu, mwenyekiti. Niliokuwa nikiwafahamu hawamo humu."

Faraji alichana karatasi mara mbili, akaviweka vipande kwenye droo, akafunika kidau cha wino wa mihuri. Tusajigwe alifungua mkoba wake, akatoa punje ya kahawa iliyofungwa kwenye kitambaa, akaitia mdomoni palepale, akaitafuna, huku akimtazama Kokuberwa. Uchungu wake ulimkunja uso, lakini aliimaliza.

Ijumaa ikafika. Fundi alikuwa ameshakuja jana yake, akapiga komeo zito kwa ndani ya mlango wa mbele. Tabu alitaka aongeze na maandishi mekundu ukutani, nyumba hii haiuzwi, lakini Kokuberwa alikataa. Alisema atafikiri. Adhuhuri alipika ndizi, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukapima za watu wawili. Alipoona sufuria imejaa alikaa chini kwenye kigoda, akalia kilio chote alichokibana ofisini, hadi Tabu akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Saa kumi akasikia viatu kibarazani. Alivijua. Ufunguo uliingia kwenye kitasa, ukazunguka vizuri kama siku zote, mlango ukasukumwa, komeo likaukatalia. Ukasukumwa tena, taratibu.

"Hodi," ilisema sauti ya Kemi.

Miaka ishirini na miwili neno lile halikuwahi kutoka kinywani mwa mtoto yule kwenye mlango ule. Kokuberwa alikuwa amesimama koridoni, hatua nne tu kutoka kwenye komeo, mwiko mkononi. Neno "karibu" lilikuwa ulimini, ni kuliachia tu.

"Hodi. Shangazi, ni mimi. Naomba tu unisikilize."

Alisikiliza. Alisikia mtoto anavuta kamasi, anajifuta kwa kiganja, anavyofanya akiwa na makosa. Upande wa pili wa ukuta Tabu alikuwa ameizima redio.

"Hodi."

Ya tatu. Baada ya ya tatu mtu mwenye adabu hasubiri, na adabu hiyo Kemi alifunzwa na Kokuberwa mwenyewe. Viatu vilikaa kidogo, vikashuka ngazi moja, vikashuka ya pili, vikaenda zake kuelekea kituoni, kama vya mgeni aliyefika akakuta nyumba haina mtu.